Alama za Kikemia katika Uainishaji wa Bakteria wa Mimea: Mfano wa Mnyauko wa Migomba katika Kivu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanasayansi wanavyotumia alama za kikemia, hasa asidi za mafuta zilizomo katika utando wa seli, ili kuwaainisha bakteria wanaoishi katika mimea. Mfano wetu ni bakteria wa mnyauko wa migomba, ugonjwa ambao tangu mwanzo wa karne hii umekuwa ukiteketeza mashamba ya nchi za Maziwa Makuu. Tutautazama tukiwa Minova, mji mdogo ulioko Kalehe, Kivu ya Kusini. Minova iko ukingoni mwa ziwa, kwenye barabara itokayo Goma kupitia Sake kuelekea Bukavu, na kaskazini yake inapanda milima ya Masisi, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2006 na Ndungo Vigheri na wenzake. Aliyewahi kuona malori na mitumbwi ikipakia mikungu katika pande hizo hahitaji kuelezwa jinsi ugonjwa wa mgomba unavyoweza kusafiri.

Huenda msomaji akauliza bakteria wana uhusiano gani na taaluma za Kiswahili. Upo, tena wa aina mbili. Kwanza, uainishaji ni kazi yetu ya kila siku. Mwanaisimu anayebishana na mwenzake iwapo ngeli zipangwe kwa viambishi vya nomino au kwa upatanisho wa kisarufi anabishania jambo lile lile linalobishaniwa na wanabakteria: kitu kiainishwe kwa umbo lake au kwa tabia yake? Pili, bwana shamba na mkulima wa Minova hukutana katika Kiswahili, kwa kuwa mmoja huenda ni Mhavu, mwingine Mhunde, mwingine Mshi. Iwapo istilahi zetu zinachanganya magonjwa mawili katika neno moja, kosa hilo halibaki kwenye kamusi. Linafika shambani.

2.0 Mgomba Unaponyauka

Katika Kivu ndizi ni chakula na ni fedha. Zile za kupika, ambazo wenyeji huziita bitoke, huliwa nyumbani na kuuzwa sokoni. Nyingine hukamuliwa na kuchachushwa kuwa kasiksi, pombe ambayo hulipia ada ya shule na dawa, na bila hiyo harusi haiitwi harusi. Mgomba aidha hauna msimu mmoja wa mavuno. Hutoa kidogo kidogo mwaka mzima, na kwa hiyo ndio akiba ya nyumba pale mihogo na maharage yanapochelewa.

Ugonjwa unapoingia, majani huwa ya manjano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ndizi huiva kabla ya wakati, tena bila mpangilio, baadhi katika chane moja zikiwa njano na nyingine kijani. Ukizipasua, nyama yake ina madoa ya rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya dakika chache hutoka ute mzito wa rangi ya manjano hafifu. Ndizi hizo hazifai kuliwa wala kukamuliwa, na katika shamba lisiloshughulikiwa hasara yaweza kuwa ya mavuno yote.

Dalili za kunyauka, hata hivyo, si mali ya ugonjwa mmoja. Uko mnyauko wa Panama, unaosababishwa na kuvu aitwaye Fusarium. Huko Amerika ya Kati na ya Kusini uko ugonjwa uitwao Moko, ambao husababishwa na bakteria wa jenasi ya Ralstonia, na binamu yake anajulikana huko Indonesia. Kuvu waweza kumtambua kwa kisu: shina lililokatwa huonyesha michirizi ya kahawia au nyekundu, lakini ute wa manjano hautoki, na nyama ya ndizi haipati madoa yale. Kutofautisha bakteria wawili kwa kisu ni jambo jingine. Hapo ndipo maabara inapohitajika.

3.0 Jina Lililotokana na Mmea

Jenasi ya Xanthomonas iliundwa na Dowson mwaka 1939. Jina lenyewe ni la Kigiriki, na maana yake ni kiumbe kimoja kimoja cha rangi ya manjano, kwa kuwa makoloni ya bakteria hawa yakioteshwa katika sahani za maabara huwa ya manjano yenye kung’aa. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kwamba kila bakteria wa jenasi hii akikutwa katika mmea mpya, alipewa jina la spishi mpya. Kwa njia hiyo zilizaliwa spishi zaidi ya mia moja. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1968, wakati Yirgou na Bradbury walipomweleza bakteria anayenyausha enseti nchini Ethiopia, mmea ufananao na mgomba lakini ambao huliwa shina na tunguu lake. Walimwita Xanthomonas musacearum. Mwaka 1974 watafiti hao hao waliripoti kwamba bakteria huyo anaushambulia mgomba pia.

Baadaye ikaonekana kwamba utitiri huo wa spishi hauna msingi. Wengi wa bakteria hao walipopimwa kwa vipimo vya kawaida, yaani sukari wanazozitumia, vimeng’enya wanavyotoa, na kadhalika, hawakutofautiana kwa lolote isipokuwa mmea waliotolewa. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kali. Karibu wote walikusanywa katika spishi moja, Xanthomonas campestris, na kuanzia mwaka 1980 kila mmoja alibakishiwa daraja la chini ya spishi liitwalo pathova, ambalo hupambanuliwa kwa mmea unaougua. Bakteria wa mgomba akawa Xanthomonas campestris pathova musacearum.

Sasa Xanthomonas campestris halisi, yule aliyetoa jina, ni bakteria wa kabichi. Kwa muda wa miongo kadhaa, basi, kitabuni bakteria wa mgomba alikaa katika nyumba ya kabichi, si kwa sababu mtu alithibitisha undugu huo, bali kwa kuwa hapakuwa na kipimo cha kuukanusha.

4.0 Alama za Kikemia

Alama ya kikemia ni kitu kilichomo katika mwili wa bakteria ambacho kuwepo kwake, au kiasi chake, hudokeza ukoo wake. Rangi ya manjano tuliyoitaja ni alama ya namna hiyo. Hutokana na dutu iitwayo zanthomonadini, ambayo imo katika utando wa seli na ina atomi za bromini, jambo lisilo la kawaida katika rangi za viumbe. Inasaidia, lakini haitoshi. Bakteria anayesababisha mbaa wa mihogo, ugonjwa uliosumbua sana Zaire katika miaka ya 1970, ni wa jenasi hii hii, na makoloni yake ni meupe. Anayetegemea rangi peke yake atamfukuza ndugu halali nje ya nyumba. Ziko alama nyingine, kwa mfano ubikwinoni, ambazo hubeba elektroni katika upumuaji wa seli: Xanthomonas wana ile yenye mkia wa vipande 8. Lakini ubikwinoni hiyo hiyo imo katika jenasi nyingine nyingi, nasi hatuna haja ya kukawia hapo.

Alama yenye maneno mengi zaidi ni asidi za mafuta. Utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta, na asidi ya mafuta ni mnyororo wa atomi za kaboni. Wanakemia huziandika kwa ufupi: 16:0 ni mnyororo wa kaboni 16 usio na kifungo maradufu, na 16:1 ni ule wenye kifungo kimoja cha namna hiyo. Mnyororo waweza kuwa umenyooka, au ukawa na tawi dogo karibu na ncha, ambapo huitwa iso iwapo tawi liko kwenye kaboni ya pili kutoka mwisho. Aidha waweza kubeba kikundi cha hidroksili. Kila bakteria huchanganya minyororo hii kwa uwiano wake mwenyewe, kama vile kila nyumba ichanganyavyo viungo vya mchuzi.

Mwaka 1993 kikundi cha Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kilichapisha uchunguzi wa mamia ya sampuli za Xanthomonas. Ilionekana kwamba asidi tatu hasa, yaani 11:0 iso, 11:0 iso yenye hidroksili na 13:0 iso yenye hidroksili, ndizo zinazoitenga jenasi hii na bakteria wengine, na kwamba 15:0 iso ni miongoni mwa zilizo nyingi zaidi. Ralstonia hana minyororo hiyo yenye matawi. Utando wake umejaa minyororo iliyonyooka ya kaboni 16 na 18, pamoja na 14:0 yenye hidroksili. Kwa hiyo swali letu la kwanza, kama ute wa manjano kutoka shina la mgomba ni wa Xanthomonas au wa jamaa wa Moko, hujibiwa kwa karatasi moja ya matokeo.

Namna ya kuipata karatasi hiyo ni hii. Bakteria huoteshwa katika agari yenye soya kwa saa 24, katika joto la sentigredi 28. Huchukuliwa miligramu 40 hivi za seli, zikachemshwa pamoja na hidroksidi ya sodiamu katika methanoli kwa nusu saa ili mafuta yavunjike yawe sabuni. Kisha hutiwa asidi na kupashwa joto la sentigredi 80 kwa dakika 10, ili kila asidi ya mafuta igeuke kuwa esta ya methili, ambayo huwa mvuke kwa urahisi. Esta hizo huvutwa kwa heksani na kuingizwa katika mashine ya kromatografia ya gesi. Humo hupita katika bomba jembamba mno lenye urefu wa mita 25, huku joto likipandishwa polepole. Minyororo mifupi hutangulia, mirefu hufuata, na mashine huchora kilele kwa kila mmoja. Kompyuta hulinganisha vilele hivyo na hazina ya sampuli zinazojulikana.

Sharti moja haliepukiki. Bakteria hubadilisha mafuta yake kadiri ya joto na chakula: ukimwotesha katika sentigredi 20 badala ya 28, uwiano hubadilika. Kwa hiyo sampuli mbili zilizooteshwa katika hali tofauti hazilinganishiki, hata kama zilitoka katika mgomba mmoja. Katika mji ambao umeme hukatika bila taarifa, sharti hili si dogo. Mashine yenyewe ina bei, lakini kinachoshinda maabara nyingi ni kuhakikisha kwamba joto la kabati la kuoteshea halitabadilika usiku kucha.

5.0 Kutoka Nyumba ya Kabichi hadi Nyumba ya Mtama

Mwaka 1995 Vauterin na wenzake wa Ghent walipanga upya jenasi nzima kwa kupima ulinganifu wa DNA, wakapata spishi 20. Mojawapo waliiita Xanthomonas vasicola. Ilikusanya bakteria wa mtama pamoja na baadhi ya wale waliotolewa katika mahindi na miwa. Bakteria wa mgomba hakuhamishwa, na jina lake la zamani likaendelea kutumika. Mwaka 2001 ugonjwa ulizuka Uganda, katika wilaya ya Mukono, na ilipofika mwaka 2010 ulikuwa umekwisha kutambuliwa Kongo, Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi. Hapo swali la ukoo halikuwa tena la wataalamu wa majina peke yao.

Aritua na wenzake walilishughulikia katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Walianza na asidi za mafuta, na matokeo yalikuwa ya kushangaza kwa aliyezoea jina la zamani: mchanganyiko wa bakteria wa mgomba na enseti haukufanana na ule wa bakteria wa kabichi. Ulikaribiana sana na ule wa Xanthomonas vasicola wa mtama na muwa. Hawakuridhika na hapo. Walilinganisha ruwaza za vipande vya DNA, kisha wakasoma sehemu ya jeni iitwayo gyrB, na vipimo vyote vikasema jambo moja.

Lakini walifanya jambo la nne, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye mafunzo zaidi. Waliwaingiza bakteria hao katika mimea hai. Wale wa vasicola waliotoka katika muwa hawakuuguza mgomba, ilhali wale wa mgomba waliuguza vikali. Katika mahindi wa pande zote mbili walisababisha ugonjwa. Utando karibu ni mmoja, mwenendo si mmoja.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa jambo hili mdomoni mwake. Mtu aliyekulia Bukavu au Minova husema bitoke na bitabu, pale ambapo mtu wa pwani angesema vitabu. Kiambishi hicho bi- hutuambia mara moja msemaji katoka upande gani. Hakituambii kama ni mvuvi, mwalimu au mwizi. Asidi za mafuta ni kiambishi cha namna hiyo: zinasema bakteria ni wa nani, hazisemi anafanya nini. Pathova, kwa upande wake, husema anafanya nini na kunyamaza kuhusu ukoo. Ndiyo maana jina kamili linahitaji sehemu zote mbili, na kosa la mwaka 1980 halikuwa kuunda pathova, bali kuzijaza takriban zote katika spishi moja ambayo haikuwa imepimwa.

Ilichukua miaka 12 kabla ya jina kubadilishwa rasmi. Mwaka 2020 Studholme na wenzake, wakiwa na jenomu nzima mkononi, walionyesha kwamba bakteria wa mgomba na wale wa vasicola wanalingana kwa zaidi ya asilimia 98, ilhali kiwango kinachokubaliwa kwa spishi moja ni kama asilimia 95. Tangu hapo jina ni Xanthomonas vasicola pathova musacearum. Yale yaliyodokezwa na mafuta yakawa yamethibitishwa.

Jenomu, hata hivyo, zilionyesha pia kile ambacho mafuta hayawezi kuona. Mwaka 2012 Wasukira na wenzake waligundua kwamba ndani ya pathova hii mna nasaba mbili. Katika sampuli walizozichunguza, ya kwanza ilikuwa na zile za Ethiopia, Kongo na Rwanda, na ya pili ilikuwa na zile za Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi. Anayetazama ramani angedhani ugonjwa wa Masisi ulivuka tu mpaka kutoka Uganda. Matokeo hayo yanatilia shaka dhana hiyo. Kwa asidi za mafuta nasaba hizi mbili zisingepambanuliwa, nazo ndizo zenye habari ya njia uliyopitia ugonjwa.

6.0 Minova

Je, mkulima wa Minova anapata nini katika haya? Undugu na bakteria wa mtama na mahindi unamfanya mtaalamu aulize maswali ambayo jina la kabichi lisingemfanya aulize, kwa mfano kama mahindi yanayopandwa katikati ya migomba yaweza kuhifadhi bakteria. Ni swali la haki. Lakini mahindi yaliyougua katika majaribio yaliingiziwa bakteria kwa mkono wa mtafiti, na ugonjwa wa maabara si ushahidi wa ugonjwa wa shambani. Kumkataza mtu kupanda mahindi kwa sababu ya karatasi ya kromatografia kungekuwa ni kumnyima chakula kwa hoja ya undugu peke yake.

Mambo yanayomlinda ni ya mwenendo. Bakteria huyu huenezwa na wadudu watuao kwenye makovu ya ua la dume, lile lining’inialo mwishoni mwa mkungu. Huenezwa na panga lililotoka mgomba mgonjwa likaingia mgomba mzima, na huenezwa na machipukizi yanayohamishwa. Kwa hiyo ua hilo huvunjwa kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, na panga hupitishwa motoni. Zamani mkulima alishauriwa kung’oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote, kazi ngumu ambayo wengi waliikwepa. Kuanzia miaka ya 2010 umeenea ushauri mwingine: kukata mgomba mgonjwa peke yake, usawa wa ardhi, mara tu dalili zinapoonekana, na kurudia hivyo bila kuchoka. Msingi wake ni kwamba bakteria hasambai katika machipukizi yote ya shina moja.

Neno “bila kuchoka” linamtaka mkulima awepo. Mwezi Novemba 2012 Minova ilijaa wanajeshi na watu waliokimbia vita vya Goma, na tarehe 21 Januari 2025 mji huo ulitwaliwa na waasi wa M23. Shamba lililoachwa kwa miezi michache halikatwi mgomba mgonjwa, na anayerudi na kutaka kupanda upya huchukua machipukizi popote ayapatapo.

7.0 Kuhusu Neno “Mnyauko”

Tumalizie na neno lenyewe. Waganda huuita ugonjwa huu kiwotoka na Wanyarwanda kirabiranya, na yote mawili yatokana na vitenzi vya kunyauka, sawasawa na mnyauko wetu. Majina haya hayatokani na ukoo wala hayatokani na mwenendo wa bakteria, bali na hali ya jani. Kwa mazungumzo hilo halina ubaya. Katika maandishi ya kilimo lina hatari, kwa sababu ugonjwa wa kuvu nao ni mnyauko, na tiba za magonjwa haya mawili hazifanani. Kwa ule wa Panama mkulima husaidika kwa kubadilisha aina ya mgomba, kwa kuwa ndizi za kupika za nyanda za juu huvumilia kuvu aliyeenea katika eneo hili. Kwa ule wa bakteria, aina zote zinazolimwa huku huambukizwa, na anayebadilisha mbegu bila kusafisha panga hupoteza mbegu na jasho. Tanzania tayari husemwa mnyauko bakteria. Napendekeza istilahi hiyo ipokewe pia katika vijitabu vinavyoandikwa kwa ajili ya Kivu, sambamba na mnyauko fuzari kwa ule wa kuvu, na kwamba neno mnyauko lisiachwe peke yake katika kichwa cha habari chochote kimhusucho mgomba.